Safari Ndefu ya Protini Hadi Kayole

Saa tisa alasiri, wateja wa chakula cha mchana wakishaondoka, wenye vibanda vya Kayole Junction, mashariki mwa Nairobi, huanza kusuuza masufuria. Mabaki hayamwagwi ovyo. Nyuma ya mlango huwa kuna ndoo, na ndoo hiyo ina mwenyewe: mfugaji wa mitaa jirani ya Soweto au Matopeni atakayeipitia na mkokoteni kabla giza halijaingia. Ukichungulia ndani utaona ukoko wa ugali, wali, vipande vya chapati, maganda ya viazi, mchuzi wa maharagwe na majani ya sukuma. Nyama ni nadra. Iliyokuwapo imeliwa hadi mfupa.

Ndoo hiyo ina wanga tele, protini kidogo, na maji mengi kuliko hivyo viwili. Nguruwe wa kilo 40 akiimaliza atalala ameshiba, tumbo limejaa ndi, na kesho mizani haitakuwa imesogea sana. Mfugaji huona ajabu hiyo kila siku: mnyama anakula lakini hakui. Chanzo chake hakiko Kayole peke yake. Kwa zaidi ya miaka 100 mfugaji wa nguruwe nchini Kenya hakukosa cha kumshibisha mnyama wake. Swali lilikuwa daima protini itatoka wapi.

Nguruwe wa kufugwa waliingia nyanda za juu pamoja na walowezi wa Kizungu mwanzoni mwa karne ya 20. Lord Delamere, aliyejaribu karibu kila zao na kila mnyama katika mashamba yake ya Njoro, alianzisha kampuni ya Unga mwaka 1908, na kadiri miaka ilivyosonga mahindi yakatanda Bonde la Ufa. Chakula cha nguvu kikawa kimepatikana. Protini nayo ilitoka mahali ambapo leo watu wengi wamepasahau: zizi la ng'ombe wa maziwa. Mlowezi hakuuza maziwa yenyewe, kwa kuwa soko lilikuwa mbali na hakukuwa na namna ya kuyapoza njiani. Aliyapitisha kwenye mashine ya kutenganisha, akachukua krimu, akaipeleka kwa reli kwenye viwanda vya siagi, hasa baada ya ushirika wa KCC kuundwa mwaka 1925. Maziwa mepesi yaliyobaki hayakuwa na mnunuzi. Yakamwagwa kwenye mahori ya nguruwe, juu ya mahindi yaliyoparazwa.

Mchanganyiko huo ulikuwa bora kuliko walivyojua wengi waliouandaa. Protini ya maziwa ina kwa wingi kile hasa ambacho protini ya mahindi inakosa. Nguruwe waliolishwa hivyo walipakiwa kwenye mabehewa hadi kiwanda cha Uplands, juu ya Limuru, wakageuka bekoni na soseji za meza za Wazungu wa Nairobi.

Jambo jingine lililoamua namna nguruwe wa Kenya atakavyolishwa lilitoka porini. Kati ya mwaka 1910 na 1915, daktari wa mifugo Robert Eustace Montgomery, akifanya kazi katika maabara ya Kabete, alifuatilia milipuko 15 ya ugonjwa uliokuwa ukifagia mazizi ya walowezi. Kati ya nguruwe 1,366 walioguswa na milipuko hiyo, 1,352 walikufa. Taarifa yake ya mwaka 1921 ndiyo ya kwanza duniani kuueleza ugonjwa ambao sasa unaitwa homa ya nguruwe ya Afrika. Alionyesha kwamba ngiri hubeba maradhi hayo bila kuugua, na kwamba kinga ilikuwa kumzuia nguruwe wa shambani asikutane na wa porini. Hakukuwa na chanjo wala dawa, kwa hiyo nguruwe akawekwa ndani ya ua na kuta. Mnyama aliyezoea kufukua mizizi, minyoo na wadudu, yaani kujitafutia protini yake mwenyewe, akabaki kusubiri anacholetewa. Mzigo wa kusawazisha lishe yake ukahamia kwa binadamu.

Sayansi ya kusawazisha huko ilikuwa tayari inajengwa Ulaya na Marekani. Katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1843, John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert walilisha nguruwe vyakula vya aina mbalimbali, wakawachinja na kupima miili yao. Walionyesha kuwa nguruwe anayenoneshwa hutengeneza mafuta kutokana na wanga, na kwamba ubora wa chakula hauwezi kupimwa kwa protini peke yake kama wakemia wengi wa zama zao walivyodhani. Hiyo ilikuwa nusu ya kwanza ya ukweli: bila nishati, protini haina kazi, maana mwili wenye njaa huichoma kama kuni.

Nusu ya pili ilikuja mwaka 1914. Thomas Osborne na Lafayette Mendel, huko Connecticut, waliwapa panya wadogo chakula ambacho protini yake pekee ilikuwa zeini, protini kuu ya mahindi. Panya walikonda. Walipoongezewa triptofani, waliacha kukonda lakini hawakukua. Walipoongezewa na laisini, wakaanza kukua. Hizo mbili ni asidi amino, yaani vipande ambavyo protini huundwa kwavyo, na mahindi yana uhaba wa zote mbili.

Mtu wa Kayole, mtaa uliojengwa kwa mawe ya machimbo ya Njiru, hatapata shida kulielewa hilo. Fundi mwenye lori zima la mawe na mfuko mmoja wa simiti hujenga hadi simiti iishe, kisha mawe yaliyobaki hurundikwa uani. Kwa nguruwe anayelishwa nafaka, laisini ndiyo simiti. Ikiisha, asidi amino nyingine zote zilizobaki hazijengi nyama. Ini huzivunja, sehemu yake ikatumika kama nishati, na naitrojeni yake ikatoka kwenye mkojo. Wanga uliozidi nao hupelekwa chini ya ngozi kuwa mafuta.

Turudi Uplands: kiwanda hicho hakikuwa cha bekoni tu. Mnamo Septemba 1947 wafanyakazi Waafrika wa kiwanda hicho waligoma kudai malipo bora. Polisi walifyatua risasi na kuua wagomaji watatu.  Wafanyakazi hao walichinja, wakatia chumvi na kupakia nyama ambayo mishahara yao haikuwawezesha kuinunua. Historia ya lishe ya nguruwe nchini Kenya haifai kuandikwa bila wao.

Baada ya uhuru mpango wa zamani ulianza kufumuka. Soko la maziwa mazima lilipanuka, barabara zikaboreka, na maziwa mepesi yakatoweka mashambani. Uplands ilidhoofika na kufungwa katika miaka ya 1980. Kampuni ya Farmer's Choice, iliyoanzishwa mwaka 1980, ilichukua sehemu kubwa ya soko, ikinunua nguruwe kutoka mashamba yenye vyakula vilivyopimwa viwandani. Kwa mfugaji mdogo aliye nje ya mfumo huo, nafasi ya maziwa ilijazwa na samaki mdogo kuliko kidole: omena.

Omena huvuliwa Ziwa Victoria usiku kwa taa, huanikwa mchangani au kwenye nyavu, kisha husafirishwa kwa magunia hadi soko la Gikomba na viwanda vya chakula cha mifugo. Ikikauka vizuri, nusu ya uzito wake au zaidi ni protini, na laisini imejaa. Ina dosari mbili. Ya kwanza ni mchanga: gunia lililoanikwa chini laweza kuwa na kilo kadhaa za ufuo, na mnunuzi hulipia ufuo huo bei ya samaki. Ya pili ni nzito zaidi. Omena ni kitoweo. Mama wa Kayole aliyeshindwa na bei ya nyama hupika omena kwa nyanya na kitunguu, na kila gunia linaloingia kwenye kinu cha chakula cha mifugo limepita mbele ya sufuria yake.

Wakati mpango wa zamani wa lishe ukifumuka, Kayole yenyewe bado ilikuwa inajengwa. Baada ya mradi wa Dandora wa mwaka 1975, mpango wa Benki ya Dunia na Baraza la Jiji wa kugawa viwanja vilivyopimwa, vyenye maji na njia za majitaka, ulifika na Kayole. Waliopata viwanja walijenga vyumba vya kupangisha. Pembeni, kuelekea Mto Ngong, palibaki ardhi ya wasio na kiwanja, na Soweto ikakua hapo. Mei 1990 jiji lilipobomoa vibanda vya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi cha Machakos, watu wengi walisukumwa hadi pembezoni mwa Eastlands. Walikuja na ufundi wa kijijini na mahali padogo pa kuutumia.

Kufuga mjini hakukuwa kioja. Utafiti wa Taasisi ya Mazingira ya Nairobi wa mwaka 1985, uliohusisha miji sita ya Kenya, ulikuta asilimia 29 ya kaya zikilima chakula mjini zinamoishi, na asilimia 17 zikifuga wanyama humohumo. Sheria ndogo za jiji ziliwatazama watu hao kama kero. Hata hivyo nguruwe aliwafaa: hahitaji malisho, huzaa watoto wengi kwa mkupuo, na hula kile ambacho mji unatupa. Mabanda ya mabati na mbao yakajipanga kando ya mto na nyuma ya ploti, mbali kidogo na majirani Waislamu na mbali zaidi na maafisa wa afya. Wengine waliwaacha wanyama wazurure hadi jaa la Dandora.

Hapo ndipo hesabu ya protini na nishati inapobana. Nguruwe wa kilo 40 anahitaji takriban kilo moja na nusu hadi mbili za chakula kikavu kwa siku, chenye protini ya asilimia 16 hivi na nishati ya kilokalori 3,300 kwa kila kilo. Makombo ya hotelini, sehemu tatu katika nne ni maji. Ili kupata kilo 1.7 kavu, lazima ameze karibu kilo 7 za makombo. Aliyetoka kuachishwa ziwa hana tumbo la kubeba hilo, na ndiye anayehitaji protini nyingi zaidi, asilimia 18 hadi 20, kwa sababu anajenga misuli na mifupa kwa kasi. Anapofikia kilo 70, asilimia 14 humtosha, na makombo yenye wanga huanza kumfaa. Kwa maneno mengine, chakula kilekile kinachomdumaza mtoto wa nguruwe kinaweza kumnonesha mkubwa, na wafugaji wengi huwalisha wote kutoka hori moja.

Wenye pesa kidogo huongezea pumba za mahindi au machicha kutoka viwanda vya bia vya Ruaraka, ambako Kenya Breweries imekuwa tangu mwaka 1922. Machicha yakikauka yana protini ya robo hivi ya uzito wake, lakini huuzwa mabichi, mazito kwa maji, na huchacha upesi. Anayebeba machicha kwa mkokoteni amebeba maji zaidi kuliko chakula.

Hesabu ya kuchanganya inaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye kalamu. Chukua pumba na viini vya mahindi vyenye protini ya asilimia 11, na omena yenye asilimia 55. Unataka 16. Toa 16 kwenye 55, unapata 39. Hizo ndizo sehemu za mahindi. Toa 11 kwenye 16, unapata 5. Hizo ndizo sehemu za omena. Katika gunia la kilo 70, hiyo ni kilo 62 za mahindi na kilo 8 za omena, pamoja na chumvi na madini kidogo. Mafunzo ya ufugaji huita hesabu hii mraba wa Pearson. Inampa mfugaji asilimia sahihi ya protini, na kwa kuwa protini iliyoongezwa ni ya samaki, laisini nayo hupanda. Akiweka protini ya bei rahisi isiyo na laisini, asilimia itasoma vilevile na nguruwe hatakua vilevile. Ndiyo sababu wataalamu wa Uingereza, katika kitabu cha mahitaji ya nguruwe kilichotolewa na Baraza la Utafiti wa Kilimo mwaka 1981, walianza kupima protini kwa uwiano wa asidi amino, laisini ikiwa kipimo cha kwanza. Kwa mfuko wa mfugaji hilo lilikuwa badiliko kubwa, kwa maana anaweza kutumia protini kidogo iliyo sawa badala ya nyingi iliyo kombo.

Anayezidisha protini naye hupata hasara, na katika mtaa uliobanana kama Kayole hasara hiyo ina harufu. Naitrojeni isiyotumika hutoka kama urea, bakteria wa kwenye sakafu huigeuza amonia, na alfajiri jirani anafungua dirisha macho yakiwasha. Malalamiko mengi yanayowaleta askari wa kaunti bandani huanzia kwenye hori.

Ushahidi wa kile lishe mbovu inachofanya umepatikana magharibi mwa nchi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph cha Kanada na wenzao wa Kenya waliwapima nguruwe wa wakulima wadogo wa Busia na Kakamega, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 wanyama hao walikuwa wakiongeza chini ya gramu 150 kwa siku. Nguruwe wa shamba la kibiashara huongeza gramu 600 au zaidi. Mwaka huohuo watafiti wengine walichapisha matokeo ya kuwafunga nguruwe wa Busia vifaa vya GPS: kwa wastani walitembea zaidi ya kilomita 4 kwa saa 12. Nishati iliyopaswa kuwa nyama iliishia njiani. Anayemwachia nguruwe atafute chakula Dandora anamlipisha mnyama nauli ambayo yeye mwenyewe atakuja kuilipa kwenye mizani ya kichinjio cha Ndumbuini.

Makombo yana hatari nyingine isiyosamehe. Mwaka 1957 homa ya nguruwe ya Afrika ilivuka hadi Ureno, na chanzo kilitajwa kuwa mabaki ya chakula cha abiria wa ndege waliyolishwa nguruwe karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon. Kirusi hukaa hai kwenye nyama mbichi na hata iliyotiwa chumvi. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani linataka makombo yachemshwe kwa nyuzi 90 angalau saa nzima huku yakikorogwa. Kwa mfugaji wa Soweto, saa nzima ya moto ni makaa, na makaa ni pesa. Wengi hupasha tu. Kosa hilo limemaliza mabanda mazima.

Mwaka 2017, ukame ulipofanya unga kuadimika na serikali kuuza pakiti ya kilo mbili kwa shilingi 90, ilionekana wazi kuwa nguruwe wa mjini anayetegemea mahindi anagombea sahani na mwenye nyumba. Vivyo hivyo kwa omena. Ndiyo maana jibu linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi linatoka Kasarani, safari fupi ya matatu kutoka Kayole, kwenye taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Funza wa nzi askari mweusi hula taka za sokoni na jikoni, na wakikaushwa huwa na protini ya asilimia 40 hivi yenye laisini nzuri. Shirika la Viwango la KEBS lilitoa kiwango cha wadudu waliokaushwa kwa chakula cha mifugo mwaka 2017, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba nguruwe wa Kenya waliopewa unga wa funza badala ya samaki walikua sawa na wenzao. Taka ambazo leo zinaingia hori zikiwa mbichi na maji zingeweza kupita kwanza kwa funza na kutoka zikiwa protini kavu.

Teknolojia hiyo haijafika Soweto kwa bei ya Soweto. Kabla haijafika, kuna kinachowezekana. Sheria ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini ilimwondolea mfugaji wa mjini sura ya mhalifu. Sasa kaunti inadaiwa huduma. Wadi za Kayole Kaskazini, Kati na Kusini zinahitaji afisa wa mifugo anayefika bandani na mizani, jedwali la viambato, na njia ya kupeleka sampuli ya omena maabara ili ijulikane ni samaki kiasi gani na mchanga kiasi gani. Na mfugaji ambaye nguruwe wake wanashiba bila kukua asiongeze ndoo ya pili. Awatenge wadogo na wakubwa, achemshe makombo saa nzima, kisha kwa kila nguruwe wa kilo 40 aongeze gramu 150 za omena iliyopepetwa kila siku, na ampime baada ya wiki mbili.